Taa Iliyokataa Kuzimika kwa Maman Zawadi

Siku ya kwanza nilipoingia atelye, yaani karakana ya umeme, kule Bukavu, Congo, shefu wa atelye hakunisalimia. Aliangalia mikono yangu, akaangalia masikio yangu, kisha akasema mbele ya wanaume wote: "Weye binti, ulikuya ku kazi ama ulikuya ku ndoa?" Nilikuwa nimevaa bangili ambazo mama yangu alinivalisha asubuhi ile, na hereni zinazong'aa, maana nyumbani kwetu mtoto kupata kazi ilikuwa sikukuu. "Toa vyuma vyote," akaniambia. "Umeme haiangaliake muntu alipendeza ao hapana." Wanaume wakacheka mpaka wakashika matumbo. Nikavua, nikavifunga kwenye leso, na hasira ikanikaa hadi jioni. Lakini nyinyi vijana mnaopanda darini mkiwa na saa na pete, nisikilizeni: yule mzee alikuwa na mdomo mbaya, ila alikuwa na haki.

Hapa Kamembe, upande wa Rwanda, wananiita Maman Ampuli. Ampuli ndiyo ile balbu mnayonunua dukani, kwa wale waliosoma Kiswahili cha mbali. Jina langu la ubatizo wamelisahau, na mimi sikuwahi kuwakumbusha, kwa sababu jina la ampuli nililipata kwa jasho.

Shefu wa atelye hakukuachia ushike koleo mpaka ujue nyaya. Alikuwa na ubao ukutani, na nyaya zimening'inia, na sisi wanagenzi tukisimama mbele yake kama kwaya. Fazi ni waya unaoleta moto, yaani umeme wenyewe. Netri ni waya unaourudisha moto ulikotoka. Swichi ya ukutani kazi yake ni moja, kukata fazi, ili ukizima taa moto usifike kabisa juu kwenye ampuli. "Fazi iko rangi gani?" anauliza. Sisi tunajibu kwa sauti ya rumba: "Mweusi!" "Na netri?" "Bluu!" Ukikosea unafagia atelye. Mimi nilifagia sana mwezi wa kwanza, kisha sikufagia tena, na hapo ndipo wanaume walianza kuniita kwa heshima.

Familia yetu iliporudi nyumbani Rwanda kutoka ukimbizini, nikapata kazi Bugarama, kwenye kiwanda cha saruji, idara ya umeme. Yoo, joto la bonde lile! Vumbi likiingia puani asubuhi, linatoka usiku. Mkubwa wetu alikuwa injenia mpole, asiyepandisha sauti, na chini yake kulikuwa na shefu wa zamu, Muislamu wa pale pale bondeni, mwenye Kiswahili laini kupita chetu. Akinisikia nikisema "batu" na "bintu", anashika kichwa. "Maman, wallahi, hiki Kiswahili chenu cha Bukavu kimekanyagwa na lori." Nami namjibu: "Lori lenyewe, Papa, ni lenu la saruji." Tulicheka hivyo miaka na miaka. Siku alipostaafu nililia kuliko mke wake.

Injenia ndiye aliyenifundisha jambo ambalo shefu wa Bukavu hakulijua. Siku moja nilikuwa nafungua boksi la mota, nikaona waya wa bluu, nikanyoosha mkono bila wasiwasi, maana bluu kwangu ilikuwa netri. Akanishika bega. "Maman, rangi ni adabu ya yule aliyefunga. Wewe hukuwepo alipofunga. Weka testa kwanza." Testa ni ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini, ukigusa waya wenye moto, kitaa kinawaka. Nikaweka. Kikawaka. Nikakaa chini kwenye vumbi.

Baada ya hapo nikafanya kazi kwenye kiwanda cha chai kule juu, karibu na msitu, baridi inakata mifupa, mkubwa wetu direkta aliyependa kila kitu kiandikwe kwa Kifaransa hata jina la ufagio. Sikukaa sana. Nilishuka Kamembe, nikaanza kufanya kazi za umeme kwenye nyumba za watu kwa mkono wangu mwenyewe, na huko ndiko nilikoelewa vizuri maneno ya injenia.

Maana, tusidanganyane, nchi hii kila mtu alirudi kutoka ukimbizini na waya wake. Sisi wa Congo tulirudi na mweusi wetu wenye moto. Wenzetu waliokulia Uganda walirudi na mafunzo ya Kiingereza: kwao moto ni mwekundu, na bluu pia inaweza kuwa na moto, lakini mweusi ni mpole, mweusi ndiyo netri. Waya ule ule! Kwetu unaua, kwao haufanyi kitu. Basi nyumba imefungwa na fundi wa Bukavu, mwenye nyumba analeta shemeji yake aliyejifunza Kampala abadilishe taa, na hapo ndipo simu yangu inalia. "Maman Ampuli, tulibadilisha taa, sasa swichi inaangusha dijonteri." Dijonteri ni kile kikata-moto cha kwenye mita. "Maman Ampuli, tulibadilisha taa, sasa inawaka ya chumbani tukiwasha ya koridoni." Nilikuwa nauliza swali moja tu kabla ya kubeba mfuko: "Aliyebadilisha alikulia wapi?"

Kati ya simu zote hizo, moja ndiyo ninayotaka kuwaambia.

Alinipigia Zawadi, mwalimu wa shule huko Gashonga. Mama yake tulikulia mtaa mmoja Bukavu, tuliimba kwaya moja, na baba yake tulikuwa tumemzika si zamani. "Maman Ampuli, kuya leo, tafadhali. Taa ya saluni ilinipiga nikaanguka. Haizimake, ile taa. Na maman anakatala muntu aiguse. Tangu tumuzike papa, hajalala ku kitanda hata siku moja." Saluni kwetu ni sebule, si ya nywele.

"Analala wapi?"

"Ku kiti ya saluni. Chini ya taa. Minaogopa, maman. Anaisha."

Nilikuwa nimeshapunguza kazi, magoti yalikuwa yananisema vibaya kila nikiona ngazi. Lakini nilichukua mfuko, nikapanda moto, yaani pikipiki, ya kijana mmoja pale stendi, tukapita migombani mpaka Gashonga nikimpigia kelele apunguze mwendo.

Nilimkuta Maman Zawadi amekaa kwenye kiti kirefu, blanketi limekunjwa pembeni, mto juu yake. Mwanamke yule alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Niliyemwona pale alikuwa kama nguo yake imebaki bila mtu. Macho mekundu, yamevimba. Aliona mfuko wangu wa kazi kabla hajaniona mimi.

"Karibu, Maman Ampuli," akasema. "Ulikuya kunisalimia, ao ulikuya kuniulia bwana mara ya pili?"

Moyo ulinipasuka, lakini mimi ni mtu wa mdomo, nikajibu: "Nilikuya kunywa chai kwanza. Kuua ni baadaye." Akataka kucheka, kicheko kikashindikana. Zawadi akaleta chai, mkono mmoja umefungwa bandeji.

Kisha mama akanieleza. Papa Zawadi alikuwa dereva wa lori. Taa ile, nzuri kweli, ya shaba na bakuli la kioo, aliileta mwenyewe kutoka Kampala, akaondoa ile ya zamani, akaitundika mchana wa siku ile ile aliyopelekwa hospitali. Hakutoka tena. Mama alikuwa naye huko muda wote, kwa hiyo hakuwahi kuiona usiku mpaka matanga yalipokwisha, wageni wakaondoka, akabaki peke yake. Akazima. Taa ikafifia, lakini haikufa. Ikabaki na mwanga mdogo, mweupe, ndani ya kioo.

"Papa Zawadi alikuwaka hapendi giza," akasema. "Tangu ujana. Nikaona, eh, huyu hajaenda. Nikamwambia habari za mazishi, nani alikuya, nani hakukuya. Nitaingiaje chumbani, Maman Ampuli? Nimwache hapa peke yake?"

Wamama wa kanisa walikuja kuiombea ile taa. Mmoja akasema ni pepo. Maman Zawadi akachukua mwiko wa ugali akawatoa wote nje, wa kwaya na wa maombi, hata mke wa pasta. Zawadi naye, akiona mama anazidi kukonda, alisubiri siku mama yuko bafuni, akazima swichi, akapanda kwenye kiti ili aitoe ile ampuli. Alipoizungusha, kidole kikagusa shingo ya chuma. Ikampiga, akaanguka na mkono chini.

"Nilikuwa nimezima, maman," akaniambia. "Naapa, nilizima."

"Papa yako hakutaka umuguse," mama akasema, na akasema bila hasira, jambo lililoniogopesha zaidi.

Mimi nilikuwa nimeshajua, hata kabla ya kunyanyuka. Ampuli za zamani, zile za waya mwembamba ndani, zilikuwa zinataka moto mwingi ndipo ziwake; ukizima, zimezima. Hizi za siku hizi zinashtuka na moto kidogo tu, unaovuja kwenye nyaya kama bomba ambalo halikufungwa vizuri. Na moto unafika juu wakati umezima kwa sababu moja kubwa: swichi inakata netri badala ya fazi. Taa inaonekana imezima, kumbe fazi imekaa pale juu saa zote, inasubiri mkono wa mtu. Vijana, hilo ndilo kosa linaloua watu wakiwa na uhakika kwamba wamezima. Ukiona taa ya nyumbani inabaki na kamwanga baada ya kuzima, usianze kuomba na usianze kupanda. Kata dijonteri kwanza.

"Nikubalie niangalie tu," nikamwambia. "Na testa. Sitafungua kitu."

"Macho, sawa. Koleo, hapana."

Nikafunga viatu vyangu vya mpira, nikapanda juu ya meza, magoti yakilia. Swichi imezimwa. Nikaweka testa kwenye ile shingo ya chuma ya ampuli. Kikawaka kitaa. Nikashuka polepole, nikakaa karibu naye, nikamuuliza: "Bwana yako umeme alijifunzia wapi?"

"Uganda. Alikuwa kijana, kabla ya lori. Alifanya na fundi moja ya Mbarara."

"Na nyumba hii nani aliifunga nyaya?"

"Kaka yangu. Wa Bukavu." Nikaona uso wake unabadilika, kitu kinakuja kutoka mbali. Kisha, Mungu wangu, mwanamke yule akacheka. Kicheko kidogo, chenye kutu, lakini ni kile kile cha Bukavu. "Eh! Tuligombana! Alikuwa pale pale juu ya meza, kama vile weye ulikuwa. Nyaya zote ameachanisha, hakuweka alama hata moja. Nikamwambia, papa, angalisho, ule mweusi iko na moto, ata batoto ba kwetu banajua. Akanijibu, nyamaza we Mkongomani, mweusi ni baridi, nimefunga nyumba nyingi kabla sijakuoa!"

"Na bluu?"

"Akasema bluu njo iko na moto." Akanitazama. "Maman Ampuli. Nilikuwa na haki?"

"Ulikuwa na haki, mama. Alituma netri kwenye swichi, na fazi akaipeleka moja kwa moja kwenye taa. Njo maana haizimake. Njo maana ilimwangusha Zawadi."

Alilia hapo. Alilia kwa sauti, kilio ambacho Zawadi aliniambia baadaye hakukisikia hata siku ya mazishi. Tulimwacha. Alipojifuta uso na kitenge, aliinua macho kwenye ile taa, akasema: "Basi ni yeye kweli. Ile ni kichwa ngumu yake njo inawaka pale."

"Ni yeye," nikasema. "Ni mikono yake."

"Basi mwachie kosa yake. Mimi nitamkataza kila muntu asiiguse. Nitaandika ukutani."

Hapo nilikwama, sitawaficha. Kazi yangu yote ilikuwa kuingia nyumba ya mtu, kuona kosa, kuliondoa na kwenda. Kosa hili lilikuwa kitu cha mwisho ambacho mwanaume yule alikifanya kwa mikono yake akiwa nyumbani kwake. Nikiligusa, mimi ndiye nitakayemtoa. Nilitamani kumeza chai yangu, kuaga, na kurudi Kamembe. Lakini nilimwona Zawadi amesimama mlangoni na bandeji yake, akimtazama mama yake akifa polepole kwenye kiti, na nikajua siondoki.

"Maman Zawadi," nikasema, "nikuulize kitu kimoja. Kama angekuwa hapa, na ukamwonyesha mkono wa Zawadi, angesema nini?"

Akafikiri sana. Alikuwa anamfikiria kweli, mtu mwenyewe, si marehemu wa kwenye hotuba za mazishi. "Angebisha mpaka jioni," akasema. "Angesema Zawadi alipanda vibaya. Halafu kesho yake, mimi niko sokoni, angepanda pole pole arekebishe, na nikirudi angejifanya wazo ni yake."

"Leo ni kesho yake."

Kisha akamwambia binti yake: "Zawadi, mushikie Maman Ampuli meza. Magoti yake si mazuri."

Nilikata dijonteri. Nikaweka testa tena juu, kimya, hakuna moto. Nikaiweka tena, maana injenia wangu alinifundisha kutoamini mara moja. Nikafungua visi, zile skrubu za bakuli, nikashusha taa, na nyuma yake kwenye boksi nikaona kazi ya Papa Zawadi. Ilikuwa safi! Nyaya zimesokotwa vizuri, zimefungwa shatatoni, ule utepe mweusi, bila kipande kinachoning'inia. Fundi yule wa Mbarara alimfundisha mkono. Nikamwambia mama yake Zawadi, "Alifunga vizuri kuliko mafundi wengi wa Kamembe," na sikusema kwa kumfariji. Nikazitoa mbili tu, mweusi na bluu, nikazibadilisha nafasi: mweusi ukaenda kwenye swichi, bluu ikaenda kwenye taa. Mengine yote nikayaacha alivyoyafunga. Kisha nikapiga fundo moja kwenye ile fazi, kama tulivyozoea mafundi wa Kamembe, ili atakayefungua baada yangu asihitaji kuuliza mtu alikulia wapi.

Nikarudisha moto. Tukawasha, ikawaka vizuri. Zawadi akavuta mapazia yote ya saluni, kukawa giza ingawa nje kulikuwa mchana. Nilinyoosha mkono kwenye swichi.

"Acha," Maman Zawadi akasema. "Mimi."

Akasimama, akaenda ukutani, akaweka kiganja chote kwenye swichi kama anayempapasa mtu mgongoni. Alikaa hivyo. Zawadi alinishika mkono kwa ule wake mzima, akaubana hadi ukauma. Kisha mama akazima.

Giza lilikuja lote. Tuliangalia juu, sote watatu, na hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimeshajiandaa kumdaka akianguka.

"Papa Zawadi," akasema gizani, "leo ulinisikia." Akavuta pumzi. "Bon. Ulichoka. Lala sasa."

Tukamsikia akitembea kwa kupapasa hadi kwenye kiti, akachukua blanketi na mto wake, akapita katikati yetu, akaingia chumbani. Kitanda kikalia.

Mwaka ule ule nilitundika mfuko. Mafundi wa leo wananiletea picha za dari kwenye simu, waya huu na waya ule, na mimi nawajibu nikiwa nimekaa kwangu, miguu juu ya kigoda, na sikosi kuwauliza kwanza kama wameweka testa. Nawaonea wivu kidogo. Nakumbuka joto la Bugarama, matusi ya shefu wa Bukavu, utani wa yule Muislamu wa bondeni, baridi ya kule kwenye chai. Nakumbuka hata harufu ya shatatoni mpya. Niliwasha nyumba nyingi, nikaona watoto wengi wakipiga makofi taa ikiwaka mara ya kwanza, na nilipenda kila kofi.

Lakini wakiniuliza kazi ipi ninayoipenda kuliko zote, nawaambia ni ile niliyozima. Siku ile Gashonga, mama alipokwisha kuingia chumbani, Zawadi alitaka kufungua mapazia ili nikusanye vyombo vyangu, nikamshika mkono. Tukakaa pale gizani mchana kweupe, chai imepoa, hatuthubutu hata kusogeza kiti, kwa sababu chumbani mama yake alikuwa anakoroma.